Mnada wa hisani wa o.com: herufi moja, mamilioni ya dola, nyundo haijagongwa. Sadaka ya nani hii?

Kibatari · #1 · 14 Mei 2022, saa 3:12 usiku

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo nimelifuatilia kwa muda, leo nalileta mezani. Kuna domeni, yaani anwani ya tovuti, inaitwa o.com. Herufi O peke yake, nukta, com, basi. Haijawahi kuwa na mwenyewe. ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, wakaamua ipigwe mnada na hela yote iende kwenye mashirika ya hisani. Idhini ilitoka Machi 2019. Leo Mei 2022 nimeiandika kwenye simu, haifunguki.

Swali la kwanza: kama ni sadaka kweli, mbona haitoki? Swali la pili limenijia hapa hapa nikiandika: hii ni sadaka ya nani? Anayeuza hakuinunua. Atakayenunua anaondoka na mali mkononi. Sasa aliyetoa ni yupi?

Msimamo wangu nausema mapema msije mkanitafuta kwenye mstari: naona mtu anachinja ng'ombe wa jirani halafu anapigiwa makofi kwa ukarimu.

Kasuku Bubu · #2

Nimekaa siti ya mbele. Karanga ziko wapi?

Fundi Mitambo · #3

Kibatari, uzi mzuri ila hapo mwanzo umeteleza. ICANN hawauzi kitu hapa. Daftari la .com lote liko kwa Verisign, kampuni ya Marekani. Chukulia ICANN ni wizara ya ardhi, Verisign ndiye karani mwenye ramani ya viwanja. Verisign ndiye aliyeomba, mwishoni mwa 2017. Mwaka 2018 watu wakaitwa kutoa maoni, na Machi 2019 bodi ya ICANN ikiwa Kobe, Japani, ikaridhia.

Halafu O haikusahaulika, ilifungiwa. Mwaka 1993 Jon Postel, yule mzee aliyekuwa akitunza daftari la majina na namba za intaneti enzi hizo, alizifungia herufi zote moja moja ambazo hazijachukuliwa. Hofu yao ilikuwa .com itafurika, na ikifurika itabidi igawanywe kwa alfabeti: kampuni zinazoanza na A zikae chini ya a.com, za B chini ya b.com, kama majalada ya masjala. Mafuriko yalikuja kweli lakini mitambo ikabeba, mgawanyo haukuhitajika. Postel alifariki 1998, kufuli likabaki.

Zilizokuwa zimeshachukuliwa kwenye .com ni tatu tu, q, x na z. Wenyewe waliachiwa. Herufi 23 hazina mtu.

Ng'wana Shija · #4

Samahani wakubwa, mimi mgeni wa mambo haya. Herufi moja ina faida gani? Hata ng'ombe wangu mmoja mmoja ana jina refu kuliko hilo. Na ukishainunua unaimiliki milele au inakuwaje?

Dalali Mstaafu · #5

Shija, karibu. Milele haipo. Domeni unakodi kwa mwaka, mwisho unalipia miaka kumi kwa mpigo, ukisahau kulipia inarudi sokoni. Lakini ukiwa unalipa hakuna wa kukutoa, ndiyo maana watu wanauziana haki hiyo kama kiwanja cha Kariakoo.

Thamani yake ni kukumbukika na uhaba. Business.com iliuzwa dola milioni 7.5 mwaka 1999 na watu wakasema dunia imechizika. Mwaka 2019 voice.com ikaenda kwa dola milioni 30 taslimu. Hayo ni maneno mazima. Kwa herufi moja tuna mfano wa z.com: Nissan walikuwa nayo kwa ajili ya magari yao ya Z, mwaka 2014 wakaiachia kampuni ya GMO ya Japani kwa yeni milioni 800. X.com ilikuwa ya Elon Musk, ikabaki kwa kampuni ya malipo ya PayPal, mwaka 2017 akarudi akainunua tena. Mtu tajiri namna ile anarudia herufi moja, jiulize.

Bint Mvita · #6

Nyinyi wa bara mwasema "domeni, domeni", na Kiswahili chake kipo, kikoa. Tatizo ni kuwa kwetu kikoa ni kula kwa zamu: leo mimi nipike muje kwangu, kesho twaenda kwako, kila mtu na mchango wake. Nikisoma "kikoa cha o.com chauzwa kwa hisani" nauliza, sufuria iko wapi?

Haya, turudi. Mwenye njaa na hiyo O anajulikana. Overstock, duka la mtandaoni la Marekani, waliiulizia miaka mingi kabla ya mnada kuzungumzwa. Walipoikosa wakanunua o.co mwaka 2010, dola 350,000. Hiyo .co ni ya Kolombia. Wakabadilisha jina lao wakajiita O.co, wakaliweka hata kwenye uwanja wa mpira kule Oakland. Yaliyofuata? Wateja wanaona tangazo la O.co, wakifika nyumbani vidole vyenyewe vyaongeza m, waenda o.com ambako hakuna mtu. Haukupita muda wakarudia jina la zamani. Uwanja wao wakauacha na lile la O.co.

Kasuku Bubu · #7

Yaani ulipie bango uwanja mzima halafu wateja waende kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Hii imeniuma na wala hela si yangu.

Wakwetu254 · #8

Bint Mvita umesema ukweli, lakini usisahau Oprah, yule mtangazaji wa televisheni wa Marekani. Gazeti lake liliitwa O tangu 2000. Siku ya mnada ni Oprah upande huu, Overstock upande ule, sisi tunaangalia tu.

Na hapo ndipo mimi naona shida iko. Kila kampuni yenye O kwa jina itakuja na wakili. Verisign wakiuza kwa mmoja, wengine kumi wanaenda kortini. Ndio maana wamenyamaza. Hawaogopi sadaka, wanaogopa mawakili.

Fundi Mitambo · #9

Wakwetu, mawakili wangekuwa sababu wasingeomba idhini tangu mwanzo. Walijua. Tazama mkataba.

Verisign hapangi bei ya .com atakavyo, mkataba unamwekea dari. Sasa hivi anawatoza wasajili, yaani kampuni zinazotuuzia domeni, dola 8.39 kwa jina moja kwa mwaka, liwe o.com au mihogoyakukaanga.com. Hata ikitokea mtu ana dola milioni 20 za o.com, yeye hana mlango wa kuzipokea. Kwa mpango ule angechukua ada yake ya kawaida tu, mnada ungeendeshwa na kampuni nyingine, na kinachozidi kiende kwenye mashirika yasiyo ya faida. Mlango uliokuwa wazi ni wa hisani tu.

Kibatari · #10

Fundi nimekuelewa, na asante kwa kunirekebisha pale juu. Ila umenisaidia kesi yangu bila kujua. Anagawa ambacho yeye hakuruhusiwa kukila. Ni sawa na mtu aliyefunga agawe chakula chake cha mchana halafu adai thawabu mbili.

Bint Mvita · #11

Thawabu anapata, usimkalie koo. Aliyeshiba ni aliyeshiba, hamuulizi mpishi nia yake.

Dalali Mstaafu · #12

Mimi nimepiga minada miaka kumi na moja, magari, samani za ofisi, hata mbuzi wa mkopo ulioshindikana kulipwa. Muuza maembe anapokukatia kipande uonje hakupi sadaka, anakuuzia tenga. Herufi zilizobaki ni 23. O ni kipande cha kuonja. Ikipita salama, bei ikajulikana, dunia ikazoea, nani atakumbuka kwamba zile 22 nazo zilikuwa za hisani? Hiyo ndiyo hesabu niionayo mimi. Sijaambiwa na mtu, ni uzoefu wa jukwaani.

Fundi Mitambo · #13

Dalali, hapo unakisia. Idhini ni ya O tu. Nyingine zinahitaji kuombwa upya.

Dalali Mstaafu · #14

Na embe la pili nalo hukatwa upya.

Mwanamwika · #15

Nimecheka na lile la ng'ombe wa jirani maana limenikumbusha mnada wa mavuno kanisani kwetu. Mwaka juzi alikuja jogoo mmoja mwekundu, kafungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Mzee mmoja akamnunua elfu hamsini, akasema "namrudisha madhabahuni". Akauzwa tena elfu themanini. Aliyenunua naye akamrudisha. Jogoo yule alinunuliwa mara nne, akawa na bei ya mbuzi, na jioni akala mahindi kama kawaida bandani kwa mchungaji.

Swali langu: mshindi wa o.com akiamua kuirudisha iuzwe tena, inaruhusiwa? Maana hapo ndipo hisani ilipo. Akiondoka nayo, kanunua kitu, hajatoa.

Halafu mhazini alikuja kutuambia Jumapili iliyofuata kwamba katika mara nne zile, mbili zilikuwa ahadi, na ahadi moja mpaka leo inatembea na miguu yake.

Sauti ya Pembeni · #16

Mwanamwika umegusa kidonda. Ahadi ndiyo ugonjwa wa minada ya domeni. Mwaka 2000 ulipokuwa unaingia, year2000.com ilikuwa mnadani eBay, soko la mtandaoni, dau likapanda mpaka dola milioni 10, magazeti yakaandika. Kumbe dau la utani, hakuna hela.

Na si wanunuzi tu. Mwaka 2009 SnapNames, moja ya nyumba kubwa za mnada wa domeni, walitangaza wenyewe kwamba mfanyakazi wao wa ngazi ya juu alikuwa akipanda dau kwa jina la bandia, halvarez, kwa miaka kadhaa, akiwapandishia bei wateja. Ilibidi wawarudishie watu tofauti na riba juu.

Sasa weka neno "hisani" juu ya mnada wa aina hiyo. Nani atahoji dau? Ukihoji unaonekana unawachukia yatima.

Kuhusu kuirudisha: mshindi hakutakiwa kulipa mara moja akamaliza. Kila mwaka angelipa asilimia 5 ya dau lake, mpaka itimie miaka 25, na hizo nazo ziende kwenye hisani. Ukishinda kwa dola milioni 10, kila mwaka nusu milioni. Kwa hiyo ukitaka nadharia yangu ya kwa nini nyundo haijagongwa, ni hiyo. Walipiga hesabu wakaona hakuna mjinga.

Ng'wana Shija · #17

Nusu milioni ya dola kila mwaka kwa ajili ya duara?

Kasuku Bubu · #18

Tena duara tupu katikati.

Fundi Mitambo · #19

Sauti, nakubali namba, nakataa tafsiri. Asilimia 5 inamchuja mlanguzi anayetaka kununua leo auze kesho. Kampuni inayotaka kuitumia haitetemeki, kuna wanaolipa zaidi ya hapo kwa bango la uwanja. Bint Mvita katoa mfano pale juu.

Bint Mvita · #20

Na aliyelipia bango la uwanja ndiye aliyerudi kwa jina la zamani, mwanangu. Usinitumie kama shahidi wako.

Mama Neema wa Iringa · #21

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi si mtaalamu, nimeingia kwa sababu ya neno hisani.

Tuna kikundi cha akina mama, tunalipia watoto ada na sare. Mwaka 2016 kijana mmoja mwema alitutengenezea tovuti, akatusajilia na domeni. Hatukujua kuwa kaisajili kwa jina lake na barua pepe yake. Akapata kazi nje, tukapoteana. Kumbe notisi za kulipia zilikuwa zinakwenda kwenye barua pepe ambayo hakuna aliyekuwa akiifungua.

Siku moja mhazini wetu ananipigia, yuko stendi, sauti ya chini: "Mama Neema, mbona tovuti yetu inaonyesha mikeka?" Nikajua anasema mikeka ya kukalia, tulikuwa tunauza. Nikamwambia nayo tuweke bei. Akasema hapana, mikeka ya mpira. Nafungua, naona odi za mechi za Uingereza, na juu kabisa bado kuna jina la kikundi chetu.

Aliyeichukua tukamwandikia. Akajibu kwa adabu kabisa, dola 900. Ada za watoto wangapi hizo! Tukaacha. Tukasajili jina jingine, safari hii kwa jina la kikundi, na nywila tatu tofauti tunazitunza watu watatu. Vipeperushi 400 vilikuwa vimeshachapwa, tukakaa ukumbini na kalamu nene tunafuta anwani ya zamani kimoja kimoja. Vingine mpaka leo ukivishika juani unaisoma chini ya wino.

Kwa hiyo mkisema domeni ya mamilioni itauzwa kwa ajili yetu sisi wa hisani, mimi nasema Mungu awabariki, ila kabla ya hapo naomba mtu atufundishe kukumbuka tarehe ya kulipia.

Kibatari · #22

Mama, wadogo hatujambo, shikamoo kutoka kwangu. Hii post ingekuwa uzi wake.

Dalali Mstaafu · #23

Ndugu zangu wenye taasisi, ingieni leo mtazame kwenye daftari la usajili jina la mmiliki ni la nani. Kwa .tz daftari lipo, kwa .ke liko KeNIC, na kulitazama ni bure. Kama si la taasisi, badilisheni kijana akiwa bado anapokea simu.

Na msitishwe na zile barua pepe za "kuna kampuni China inataka kusajili jina lenu, jibuni haraka". Futeni.

Wakwetu254 · #24

Tukirudi kwa pesa ya mnada kwenda kwa hisani, hiyo sinema tumeiona. ICANN wenyewe walipiga mnada majina mapya ya mwisho, yaani yanayokaa baada ya nukta kama .com, yale yaliyogombaniwa na watu wengi. .app Google walilipa dola milioni 25 mwaka 2015. .shop ikaenda milioni 41.5. .web ikafika milioni 135 mwaka 2016, na baadaye ikajulikana aliyetoa hela nyuma ya pazia ni nani? Verisign. Huyo huyo wa O.

Zimekusanyika zaidi ya dola milioni 200, zikasemwa ni za manufaa ya umma. Tumefika 2022. Umma uliopata ni upi?

Fundi Mitambo · #25

Milioni 36 zilihamishiwa akiba yao wenyewe mwaka 2018, hilo wameliandika wazi. Zilizobaki zipo, wanatengeneza utaratibu wa kuzigawa.

Wakwetu254 · #26

Asante. "Wanatengeneza utaratibu." Sisi watu wa harambee tunaijua hiyo sentensi.

Mwanamwika · #27

Kwa nini .africa haikupigwa mnada kama hizo? Ingetuletea hela.

Wakwetu254 · #28

.africa ilienda kortini badala ya mnadani. Walioitaka walikuwa wawili, ZACR wa Afrika Kusini walioungwa mkono na Umoja wa Afrika, na DCA ya Sophia Bekele. Vuta nikuvute mpaka California. Februari 2017 ndipo ikawashwa, mikononi mwa ZACR. Hapo hakuna aliyetaja hisani hata siku moja, na mimi naheshimu ukweli huo.

Sauti ya Pembeni · #29

Kama ni faida ya umma mnaitaka, tazameni Tuvalu. Nchi ndogo ya visiwa, ikajikuta na .tv kwa bahati ya herufi za jina lake. Mwaka 2000 wakaikodisha, na hela hiyo ikawasaidia kulipia kuingia Umoja wa Mataifa. Hakuna aliyeita sadaka. Waliita biashara, na wananchi wakaona.

Ng'wana Shija · #30

Na sisi .tz hatuwezi kuuza kitu? Maneno ya Kiingereza yanayoishia na tz?

Kasuku Bubu · #31

Wal.tz. Tucheze.

Bint Mvita · #32

Mumetoka kwenye sadaka mumefika kwenye dansi. Nalala.

Ng'wana Shija · #33 · 9 Novemba 2024, saa 1:40 usiku

Naomba radhi kwa kufukua kaburi. Wakati ule niliuliza maswali ya kitoto humu, nikaenda kutazama domeni ya chama chetu cha ushirika kama Dalali alivyoelekeza. Ilikuwa kwa jina la mpwa wa aliyekuwa katibu. Ilituchukua miezi minne na mbuzi mmoja, sasa ipo kwa jina la chama. Mama Neema, asante.

Nimerudi pia kuwapa habari. Twitter imeshakuwa X tangu mwaka jana, na x.com ndiyo nyumba yake, Dalali aliuliza "jiulize", jibu hilo. ICANN mwaka huu walifungua maombi ya kugawa zile hela za mnada, awamu ya kwanza dola milioni 10. Na ile ada ya Verisign Fundi aliyosema 8.39, tangu Septemba ni 10.26.

O nimeijaribu jana. Bado.

Fundi Mitambo · #34

Shija umekua! Kwa milioni 10 hizo, mashirika yetu yangeomba.

Wakwetu254 · #35

Fundi, dirisha la maombi lilifungwa Mei. Utaratibu ulipatikana, taarifa ndiyo haikutufikia.

Dalali Mstaafu · #36

Mimi bado nasubiri tenga.

Kibatari · #37

Na mimi bado nauliza ng'ombe ni wa nani.

Kasuku Bubu · #38

Wakuu, zile karanga nilizoomba 2022 zimeshaota.